Misitu Mitatu ya Sokoke na Ndege Wake

Mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu na soko la Mautuma ameniandikia akiuliza swali ambalo, nadhani, wengi wa wasomaji wa safu hii wamekuwa wakijiuliza kimoyomoyo. Asema amesikia habari za msitu wa Arabuko-Sokoke ulioko Kilifi, kwamba ni msitu mkavu, wenye miti mifupi na mchanga mtupu, wala hauna mto hata mmoja. Na kwa kuwa Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2022 ya kwamba nchi itapanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, yeye aona ni afadhali watu wa pwani wenye shida ya chakula wapewe ardhi ile walime, na miti ipandwe huku kwetu penye mvua, ambako humea upesi. Idadi ya miti, asema, itakuwa ile ile.

Swali hili halikuulizwa kwa ubishi, nami sitalijibu kwa ubishi. Mtu aliyekulia Mautuma hawezi kulaumiwa akifikiri hivyo. Nchi hii ilitolewa katika mashamba makubwa ya walowezi ikagawanywa kwa wananchi katika miaka ya 1960, na karibu kila mti tuuonao leo kati ya mahindi yetu umepandwa na mkono wa mtu: mkaratusi mpakani, mgrevilea kando ya shamba, na kule Turbo misonobari iliyosimama mistari mistari kama askari. Mti kwetu ni mazao. Hukatwa, hupandwa mwingine, na baada ya miaka michache hapana ajuaye kwamba ule wa kwanza ulikuwapo.

Tukitaja msitu wa asili, fikira zetu huenda mara moja Kakamega, mahali pa mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, penye miti mirefu iliyofungamana juu hata jua halifiki chini, na ndege kutoka misitu ya Kongo ambao kwao Kakamega ndiyo mpaka wa mwisho upande wa mashariki. Mtu aliyeuzoea msitu ule akishushwa Gede na kuonyeshwa Sokoke, yumkini atauliza, "Msitu wenyewe uko wapi?" Basi na tuanze hapo.

Arabuko-Sokoke uko kilomita 110 hivi kaskazini ya Mombasa, kati ya Kilifi na Malindi, bara kidogo kutoka baharini. Eneo lake lakaribia kilomita za mraba 420, nao ndio kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia pamoja vya misitu ile ya pwani ambayo zamani ilienea sana katika Afrika ya Mashariki. Upande wa mashariki ulio karibu na bahari mvua hufika milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini mtu akienda kaskazini-magharibi hupungua hata kufika 600 tu. Tofauti hiyo ya mvua ni jambo la kwanza. La pili, na ndilo kubwa zaidi, ni mchanga.

MCHANGA WA RANGI TATU

Mgeni akiingia msituni kutoka upande wa Gede huanza kwa kukanyaga mchanga wa kijivu. Hapa miti ni ya namna nyingi, na ndipo waota mbambakofi, mti uliotoa milango na majahazi ya Waswahili tangu zamani, ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu watoto wa pwani huzichezea. Hapa pia yuko mtandarusi, mti wa ile sandarusi ambayo katika karne ya 19 wafanya biashara wa Zanzibar waliipeleka hata Salem, mji wa Marekani, ikatengenezwe vanishi. (Nyingi ya sandarusi hiyo haikukamuliwa mtini; ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kufa na kusahauliwa.) Mbambakofi mkubwa hasa ni shida kuupata sasa katika sehemu hii, maana wapasua mbao waliutafuta kwa miaka mingi.

Akiendelea kwenda magharibi, mgeni ataona ghafula kwamba amekanyaga mchanga mweupe, na kwamba mwanga umeongezeka. Miti imeachana, matawi yametandaza mikono, na chini mna nyasi na vichaka vichache. Huu ni msitu wa mrihi. Mrihi ni ndugu wa miti ya miombo ijazayo nchi za Tanzania, Zambia, Malawi na Msumbiji, na hapa katika pwani ya Kenya ndipo ufikapo karibu na mwisho wake wa kaskazini. Majani yake machanga hutoka yakiwa mekundu kama shaba, kisha hugeuka kijani, hata mtu asiyejua aweza kudhani ni maua. Mchanga mweupe hauna rutuba wala haushiki maji, mvua ikinyesha hunywewa mara moja. Lakini mrihi huweza kuishi pale kwa sababu mizizi yake imeshirikiana na kuvu wa ardhini wauleteao chakula ambacho mizizi peke yake isingekipata. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila atakaye kulima mahali hapo. Miti ile mikubwa haithibitishi kwamba udongo ni mzuri.

Mwisho kabisa, upande wa magharibi ambako nchi huinuka, mchanga ni mwekundu, nao huitwa mchanga wa Magarini. Hapa hutawala mti ambao Wagiriama huuita mfunda. Msitu wa mfunda ni mnene, na kila mahali pakauka zaidi ndivyo unavyozidi kuwa mfupi na kufungamana, hata kaskazini umekuwa kichaka ambacho mtu hupita kwa kuinama. Pamoja na mfunda humea muhuhu, mti mgumu uchelewao sana kukua, upendwao na wachonga vinyago na wenye kutaka nguzo zisizooza. Sehemu hii ya mchanga mwekundu ni zaidi ya nusu ya msitu mzima.

Kwa hiyo mwalimu wetu aliposema "msitu mmoja mkavu" alikuwa akisema juu ya misitu mitatu iliyowekwa ubavu kwa ubavu, na mpaka kati yake mahali pengine mtu aweza kuuvuka kwa hatua hamsini. Ajabu nyingine ni kwamba mbambakofi, mtandarusi, mrihi na mfunda, ijapokuwa haifanani, yote ni ya jamii moja na kunde na maharagwe tupandayo katikati ya mahindi. Wake zetu wapuruao maharagwe uani wangeyatambua maganda ya mrihi mara moja. Tofauti ni kwamba ya mrihi yakikauka hujipasua yenyewe na kurusha mbegu mbali.

KILA NDEGE NA MCHANGA WAKE

Sasa twafika kwa ndege, ambao ndio jibu langu hasa. Aina zaidi ya 230 zimeandikwa katika Arabuko-Sokoke. Kakamega ina zaidi ya hizo, na kama shauri lingekuwa ni hesabu tu, Kakamega ingeshinda. Lakini mwaka 1988 wataalamu walioorodhesha ndege walio hatarini Afrika waliuweka msitu wa Sokoke wa pili kwa umuhimu katika bara lote, kwa sababu ndege wake kadhaa hawapatikani mahali pengine, au hupatikana mahali pengine pachache mno. Na hao hawakutawanyika msituni ovyo. Kila mmoja ameshika mchanga wake.

Tuchukue bundi. Najua wengi wa wasomaji wangu hawampendi bundi, na wako wazee hapa kwetu ambao akilia juu ya paa hulala macho. Bundi wa Sokoke hatawatisha. Urefu wake ni sentimita 16 au 17 tu, na chakula chake ni wadudu. Wengine ni wa kijivu, wengine wa hudhurungi, wengine wekundu kama kutu, ijapokuwa wote ni aina moja. Sauti yake si ule mlio mzito wa bundi wakubwa, bali ni mluzi mfupi unaorudiwa rudiwa gizani kwa muda mrefu. Wataalamu wa nje hawakumjua hata mwaka 1965, wala hakupewa jina katika vitabu vyao mpaka 1966. Huishi katika mfunda, juu ya mchanga mwekundu, na hutaka miti mizee yenye matundu. Mrihi hautaki, wala mchanga wa kijivu. Nje ya pwani ya Kenya amepatikana tu katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Katika miaka ya 1990 wale wa Sokoke walikadiriwa kuwa jozi elfu moja hivi, na makadirio ya baadaye yalikuwa chini ya hapo.

Fikiri basi juu ya mtu aingiaye na shoka kutafuta muhuhu. Hakati msitu wote; huchagua. Akitoka, ukiutazama msitu kwa mbali waonekana kama jana, na picha zipigwazo kutoka angani zitasema miti ingaliko. Lakini aliyoichukua ni ile mikubwa na mizee, ambayo ndiyo yenye matundu. Bundi amebaki na msitu usio na nyumba.

Katika mrihi mna watu wengine kabisa. Juu vileleni hukaa chozi wa Amani, ndege mdogo ambaye jina lake latokana na Amani ya Usambara, na asiyetazama juu kwa subira hatamwona kamwe. Asubuhi ndege wa mrihi huenda makundi makundi, aina nyingi pamoja, wakipita kutoka mti hata mti wakitafuta wadudu, na kwa dakika kumi msitu uliokuwa kimya hujaa sauti. Kisha wakaenda zao na kimya kikarudi. Katika makundi hayo huonekana pengine mnana wa Clarke, mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, nami nataka kukaa kidogo juu ya habari zake, maana ni kisa kizuri.

Ndege huyu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu mwaka 1913. Tangu hapo alionekana katika Sokoke, na kaskazini ya mto Sabaki katika nchi ya mirihi iitwayo Dakatcha, wala hakuonekana mahali pengine popote duniani. Ndege wa jamii ya mnana hufuma viota ambavyo hata mtoto huviona. Hapa Mautuma hujaza mti mzima karibu na nyumba na kufanya kelele kutwa. Lakini kiota cha mnana wa Clarke hakikuonekana na mtaalamu yeyote. Kwa majira fulani ndege hawa hutoweka Sokoke, kisha hurudi na makinda yao, na watu wakabahatisha kwamba labda hutaga juu kabisa ya mirihi. Ikapita miaka mia. Ndipo mwaka 2013 wanachama wa Nature Kenya pamoja na wenyeji wa Dakatcha walipovikuta viota: havikuwa juu ya mti wowote, bali katika majani marefu ya kinamasi ambacho hujaa maji wakati wa mvua na kukauka baadaye.

Maana ya jambo hilo ni nzito. Ndege huyu hula katika mrihi na huzaa katika kinamasi. Msitu wa Sokoke ni mali ya Serikali na una walinzi. Dakatcha ni ardhi ya jamii, na humo makaa huchomwa na mirihi hufyekwa kwa kupanda mananasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 palikuwa hata na shauri la kufyeka eneo kubwa ili kulima mibono ya mafuta ya mitambo, shauri ambalo lilipingwa na wengi wakiwamo wenyeji, nalo halikutimizwa. Lakini hapahitajiki kampuni kubwa ili kumaliza jambo. Watu wachache wakikigeuza kinamasi kimoja kuwa shamba la mpunga au malisho, Sokoke yaweza kulindwa kwa bunduki usiku na mchana na mnana wa Clarke asirudi.

Chini ya miti ya mchanga wa kijivu, katika majani makavu, kuna kurumbiza na ndege wengine wapendao kivuli, na kati ya mwezi wa nne na wa kumi huja mgeni mwenye madoadoa kifuani, ambaye hutoka kusini na kutembea kimya chini akipekua majani. Huko pia hupita kororo kwa makundi. Na hapa ingawa safu hii ni ya miti na ndege, sina budi kumtaja sange wa Sokoke, mnyama mwenye pua kama mkonga mdogo na matako ya rangi ya dhahabu, ukubwa wake kama sungura mdogo. Sange hupekua majani kutwa akitafuta wadudu, na kurumbiza humfuata nyuma ili ale wale wanaomponyoka. Sura yake yamfanya adhaniwe panya, lakini wataalamu wa siku hizi wamehakikisha kwamba undugu wake na ndovu ni wa karibu kuliko undugu wake na panya! Ndovu nao wamo msituni humo. Mitego ya kamba iliyotegewa paa humnasa sange pia, na aitegaye mara nyingi hana haja naye.

JUU YA WATU

Ningekuwa nimemdanganya mwalimu kama ningeishia kwa ndege. Watu waliouzunguka msitu wa Sokoke wengi wao ni maskini, ndovu wamewalia mihogo na mahindi yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi walitamani msitu ukatwe wagawiwe ardhi. Sidhani walikuwa wajinga. Mtu aonaye shamba la mwenzake limekanyagwa usiku na ndovu hana sababu ya kumpenda bundi wa sentimita 16.

Kilichobadili fikira za baadhi yao kilikuwa kitu chepesi sana. Mwaka 1993 palianzishwa Gede, katika uwanja wa magofu, kazi iitwayo Kipepeo. Wakulima huwakamata vipepeo wachache msituni, huwalea kwa majani ya miti ya msituni hata watokee mabuu na kisha vifukofuko, na vifukofuko hivyo huuzwa Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho. Mkulima akipata ada ya shule kutokana na mdudu ambaye hula jani la mti fulani tu, huanza kuujua mti huo kwa jina, na kuuliza ni nani aliyeukata. Wengine wamepata asali. Uzio wa umeme umepunguza matembezi ya ndovu. Sisemi mambo yote yamekuwa mazuri. Wakataji wa muhuhu wangali wakiingia, na vijana wasio na kazi hawali vipepeo. Lakini haki ya jirani wa msitu kupata faida ya msitu ni jambo la kwanza, na walinzi peke yao hawatoshi.

Sasa nirudie hesabu ya mwalimu. Asema tukikata mti mmoja Kilifi na kupanda mmoja Mautuma idadi ni ile ile. Idadi, ndiyo. Lakini mkaratusi wa Mautuma hauna tundu la bundi wala hauoti kuvu wa mrihi mizizini, na kinamasi cha Dakatcha hakiwezi kupandwa kwa jembe. Hata Sokoke yenyewe ikipunguzwa nusu, ile nusu ibakiyo haitakuwa msitu ule ule mdogo zaidi: ukikata upande wa magharibi umemwondoa bundi wote, na ukikata katikati umemwondoa chozi. Tena ardhi ipatikanayo kwa kufyeka mrihi ni ule mchanga mweupe niliokwisha ueleza, ambao hautamlisha mkulima na watoto wake kwa miaka mingi.

Hata hivyo sipendi mwalimu afikiri kwamba nadharau miti ya kupanda. Wakulima wa Kilifi hupanda mivinje kwa wingi, na kila nguzo ya mvinje iuzwayo sokoni ni nguzo moja isiyotoka msituni. Kadhalika mkaratusi wetu hapa, ukipandwa mbali na chemchemi, hufanya kazi nzuri ya kuupumzisha msitu wa Kakamega usikatwe kuni. Hiyo ndiyo kazi ya mti wa kupandwa, nayo ni kazi ya heshima.

Mwalimu ameuliza pia kama aweza kuwapeleka wanafunzi wake Sokoke. Aweza. Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita mia tisa kwa barabara, lakini iwapo shule imekwisha kupanga kwenda Mombasa, Gede haiko mbali kutoka hapo. Wapo wenyeji waongozao wageni msituni ambao huzijua sauti za ndege kuliko vitabu, na afadhali kumwajiri mmoja wao kuliko kutembea bila kiongozi. Waingie alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa maana baada ya saa nne asubuhi ndege hunyamaza. Wakitaka kumwona bundi, kiongozi aweza kuwapeleka mchana mahali alalapo, nao wasimguse wala kupiga kelele. Na kila mtoto achukue chupa yake ya maji, maana, kama mwalimu mwenyewe alivyosema, huko hakuna mto.